Sanaa na Afya ya Akili ya Vijana: Ushahidi wa Diwani ya Gerezani

Inapodaiwa siku hizi kwamba sanaa huwasaidia vijana wenye sonona na msongo wa mawazo, dai hilo huelezwa kana kwamba ni uvumbuzi wa wanasaikolojia wa ng'ambo. Fasihi ya Kiswahili ina ushahidi wake.

Mwezi Machi 1969 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyezaliwa 1946, alifungwa kwa ajili ya waraka wa kisiasa, Kenya: Twendapi? Alitumikia miaka 3, sehemu kubwa katika kifungo cha upweke. Mashairi aliyoyatunga humo, akiyaandika kwenye karatasi za msalani, yalitolewa nje kwa siri na kuchapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Wahakiki wameisoma diwani hiyo zaidi kama siasa. Usomaji huo ni sahihi lakini hautoshi, kwani unalipita swali moja: kijana aliyenyimwa mtu wa kusema naye alifanya nini ili akili yake isivurugike?

Jibu limo katika umbo. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" ndugu wawili wanagombania mnazi. Kwa kawaida utungo huo hufasiriwa kuwa fumbo la mgawanyo wa mali na madaraka nchini. Hata hivyo, ni malumbano, na malumbano yahitaji watu wawili. Mfungwa asiyekuwa na wa kujibizana naye alijitungia mjibizanaji, akampa hoja zenye nguvu, kisha akazijibu. Vina na mizani, ambavyo katika mgogoro wa miaka ya 1970 vilishutumiwa na baadhi ya wanamabadiliko kuwa ni pingu, humu havikumfunga mtunzi hata kidogo. Kutafuta kina cha kati ni kazi iwezayo kuishughulisha akili siku nzima, na katika chumba kisicho na shughuli hilo si jambo dogo.

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha Marekani utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo. Walioandika juu ya matukio yaliyowaumiza pamoja na hisia zao walitoka na huzuni zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Matokeo hayo ya kwanza ndiyo husahauliwa na waandaaji wa warsha za vijana, watakao kijana achore jua na aimbe matumaini papo hapo. Sauti ya Dhiki haikuanza kwa matumaini. Jina lake latosha kuonyesha hivyo.

Bila shaka diwani si tiba ya hospitali, na kijana anayewaza kujiua ahitaji kufikishwa kwa daktari kabla ya kukabidhiwa kalamu. Lakini shuleni, mahali ambapo vijana wengi hukutana na ushairi, mwanafunzi huhesabishwa mizani ya watu wengine kwa ajili ya mtihani, na aghalabu humaliza masomo bila kutunga ubeti wake mwenyewe. Pale anapotunga, daftari humrudia likiwa limesahihishwa vina kwa wino mwekundu, na lile alilolisema halikujibiwa na mtu.