Yatima wa Ziwa



Katika jubilei twawakumbuka mapadre wa kwanza. Walipoondoka Buganda mwaka 1882, walivuka ziwa hili pamoja na watoto waliokombolewa utumwani; na mwaka 1883 wakaanza misioni ya Bukumbi. Basi, Kanisa la Mwanza lilianza na watoto wasio na baba. Tusilisahau jambo hili tupigapo ngoma za sikukuu.

Ziwa lilo hilo latupa samaki, tena latuachia yatima. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka karibu na gati la Bwisya; watu zaidi ya 220 wakafa. Wavuvi wa kisiwa walikimbilia pale kwa mitumbwi yao, pasipo kuitwa wala kulipwa, wakaokoa walio hai, wakaopoa na maiti.

Walakini kuopoa ni kazi ya siku chache, kulea ni kazi ya miaka. Siku za matanga nyumba hujaa watu. Mvua za kwanza zikinyesha, mjane yu peke yake na jembe lake. Nasi twakiri: tulilia naye, tukala kwake, tukarudi kwetu, tusiulize tena habari zake.

Wazee wa Usukuma walijua dawa. Vijana walikuwa na elika yao chini ya nsumba ntale, wakaenda kwa nyimbo kulima shamba la mtu mmoja. Kazi ya mwezi wakaimaliza kwa siku. Lakini mwenye shamba aliwapa chakula. Mjane atawapa nini? Hapo ndipo Injili yatuongezea neno: tulime pasipo kungoja sahani.

Basi kila jumuiya na ihesabu nyumba zake za wajane, yatima, wagonjwa na wazee, kabla ya mvua. Kila jamaa itoe siku moja ya jembe. Tena kila juma mmoja wetu aingie kwa bibi kizee yule ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, naye anong'onwa kuwa mchawi. Wako waliouawa kwa mnong'ono huo katika nchi yetu. Mgeni aketiye mlangoni pake ni ngao yake.

Wavuvi wa Ukara hawakungoja kuitwa. Nasi tusingoje. Mungu aibariki jubilei yetu, na mikono yetu pia.