Nani Ana Ufunguo?



Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi Kahama na Shinyanga, wazee wetu walipiga mwano na kila kaya ikatoa mtu. Ndivyo Sungusungu ilivyozaliwa. Sheria iliitambua baadaye, mwaka 1989. Adhabu zao nyingine zilivuka mpaka, na hizo sitaki tuzirithi. Ninachotaka turithi ni wepesi wa kuitikia.

Maji ya Ziwa Victoria husukumwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Bomba likipasuka usiku, alfajiri watu wako lamboni, na kipindupindu tulikiona mkoani mwetu mwanzoni mwa 2024. Basi kila kitongoji kichague watu wawili wa kujitolea. Wajue koki ya kufungia bomba iko wapi, ufunguo wa pampu ya kisima anao nani, dawa ya maji hutiwa kiasi gani kwa ndoo, na bodaboda gani itamfikisha mjamzito kituo cha afya. Waya wa umeme ukianguka wasiuguse: wazuie watu, wapige simu TANESCO.

Fedha wasikabidhiwe, wakabidhiwe funguo. Majina yamfikie mtendaji wa kijiji kabla ya mvua za Novemba.