Tunatoa kwa Moyo, au kwa Macho ya Watu?

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya ndogondogo, wawekahazina, na ninyi nyote mliokabidhiwa kazi ngumu ya kusimama mbele za watu na kuomba michango,

Sikuja kuwafundisha kwamba kutoa ni jambo jema. Hilo mlilipokea tangu katekisimu, na wengi wenu mnalitenda kunishinda. Nataka tutazame lile ambalo aghalabu hatulitazami: ni nini hasa kinachomsukuma mtu kutia mkono mfukoni? Jambo hili linaihusu Tume ya Haki na Amani, kwa sababu zimo njia za kuchangisha zinazomwonea mtu, hata kama fedha yenyewe inakwenda kwenye kazi njema.

Kwa muda mrefu wataalamu wa uchumi walidhani kwamba mtu hutoa kwa sababu moja tu: anataka maskini asaidiwe. Kama ndivyo, basi akisikia kuwa serikali au mfadhili amekwisha kutoa shilingi 10,000 kwa haja ile ile, naye angepunguza shilingi 10,000 katika zake. Lakini sivyo watu wanavyotenda. Hupunguza kiasi, wala hawapunguzi zote. Mwaka 1990 mchumi wa Marekani, James Andreoni, alieleza kwamba mtoaji naye hupata kitu, yaani lile joto la moyoni la kujua kuwa ni yeye mwenyewe aliyetoa. Mimi sioni kwamba jambo hili linaitia doa sadaka. Mama ampelekeaye mgonjwa uji, kisha akarudi kwake moyo mweupe, hajamwibia mgonjwa kitu.

Lakini upo msukumo mwingine, na huo ndio nitakaoukalia: macho ya watu.

Huko Uholanzi mtafiti aitwaye Adriaan Soetevent alifanya jaribio katika makanisa 30, akachapisha matokeo yake mwaka 2005. Safari nyingine sadaka ilikusanywa kwa mfuko uliofunikwa, ambamo jirani hawezi kuona unachotia. Safari nyingine kwa kapu la wazi. Sadaka zilikuwa mbili, ya kwanza kwa mahitaji ya kanisa lenyewe, na ya pili kwa wahitaji wa nje. Kapu la wazi halikubadili kitu katika sadaka ya kwanza. Katika ile ya pili, mapato yaliongezeka mwanzoni kwa kadiri ya asilimia 10, na watu wakawa wanatoa sarafu kubwa zaidi. Baada ya muda ongezeko hilo lilififia. Wawekahazina mlizingatie hili: jicho la jirani huleta fedha, lakini watu hulizoea.

Jaribio la pili linatuhusu zaidi. Mwaka 2008, katika vitongoji vya Chicago, Marekani, watafiti watatu, Stefano DellaVigna, John List na Ulrike Malmendier, waliwatuma watu wapite nyumba kwa nyumba wakiomba michango ya hisani, ukiwamo wa hospitali ya watoto. Nyumba nyingine waliziendea bila taarifa. Nyingine zilitundikiwa mlangoni, siku moja kabla, karatasi iliyotaja saa ya kufika kwao. Na nyingine zilipewa karatasi yenye kisanduku kidogo: asiyetaka kusumbuliwa atie alama, naye hatagongewa hodi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Karatasi ya taarifa peke yake ilipunguza waliofungua mlango kwa asilimia 9 hadi 25. Palipokuwa na kisanduku, utoaji ulishuka kwa asilimia 28 hadi 42, na upungufu huo ulikuwa hasa katika michango ya chini ya dola 10. Kama kutoa kungekuwa furaha tupu, kwa nini mtu ajifungie ndani? Waliotaka kutoa kwa hiari hawakupotea kwa sababu ya karatasi. Waliotoweka walikuwa hasa watoaji wa kidogo, na sehemu kubwa ya kidogo chao ilikuwa bei ya kumwondoa mgeni mlangoni bila kuona haya. Mtu wa namna hiyo alitoa, na hali yake ikawa mbaya kuliko kama asingegongewa hodi.

Sasa turudi kwetu. Katika jumuiya hakuna kisanduku cha kutia alama. Tunakaa nyumba kumi au kumi na tano, tunajuana kwa majina na kwa madeni. Asiye na mchango hawezi kujifungia asionekane, maana kesho atakutana na katibu kisimani. Njia iliyobaki kwake ni moja: haji kusali. Nasi tunasema amepoa katika imani! Sisi wenyewe twaijua adha hii, kwa kuwa kadi ya mchango wa harusi ikifika ofisini na kiwango kimekwisha kuandikwa, wangapi kati yetu wamekopa ili majina yao yasikosekane katika orodha ya kamati?

Jirani zetu wa Kenya wana kumbukumbu ndefu ya mambo haya. Tangu mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa mwito wa taifa, wananchi walijenga kwa nguvu zao shule nyingi na zahanati ambazo serikali peke yake isingalizimudu. Hilo ni tendo la heshima, na lisibezwe. Lakini kadiri miaka ilivyopita, wakubwa wakawa wanasimama na kutangaza vitita vyao hadharani, na wadogo wakawa wanadaiwa kana kwamba ni kodi. Mwaka 2003 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya maadili iliyomkataza mtumishi wa umma kuitumia ofisi yake kuwa mahali pa kukusanyia harambee, au kukitumia cheo chake kumshinikiza mtu atoe. Hatuna sheria ya namna hiyo kwa ajili ya mwenyekiti wa jumuiya. Hata hivyo, naye anacho cheo, kwa maana barua ya ubatizo au ya mazishi hupitia mkononi mwake.

Katika kuhimiza michango twapenda kumtaja yule mjane wa hekaluni aliyetia sarafu mbili. Someni sura ya 12 ya Marko kwa utaratibu. Maneno yanayotangulia habari zake, mara tu kabla yake, ni lawama juu ya watu wanaokula nyumba za wajane. Mahubiri mengi ya harambee huanzia mstari unaofuata.

Sisemi michango ikome. Paa la kigango halijiezeki lenyewe, na wagonjwa wetu hawana mwingine wa kuwatazama. Nasema taarifa itangulie, ikitaja shabaha na siku, na mtu apewe nafasi ya kusema kwa siri, “Mwezi huu sina,” bila kuulizwa kwa nini. Bahasha zote zifanane, naye asiye na kitu airudishe tupu pamoja na wengine. Mwekahazina asome jumla iliyopatikana na matumizi yake, shilingi kwa shilingi. Majina na viwango vibaki katika daftari lake. Huenda mapato yakapungua kidogo mwanzoni, na Halmashauri ya Walei ijiandae kwa hilo wakati wa kupanga bajeti.

Kabla hatujakwenda kwenye makundi, naomba kila kiongozi afungue daftari lake la mahudhurio la mwaka jana. Linganisheni majuma ya kawaida na yale yaliyotangazwa kuwa ya michango, na mwandike pembeni majina ya wale waliokosekana katika haya ya pili. Tutaanzia hapo.