Habari za Sungura wa Australia

(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza la wilaya)



Nikitaja sungura mtacheka, maana sote tumelelewa kwa hadithi za werevu wake. Lakini huyu nitakayewaeleza habari zake si yule wetu. Sungura wetu hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yamefunguka. Huyu wa Ulaya huchimba mashimo marefu, na humo watoto huzaliwa uchi, macho yamefumba. Mimba yake ni siku 30 tu, na akisha kuzaa aweza kushika nyingine mara.

Mwaka 1859 bwana mmoja wa Victoria, jina lake Thomas Austin, aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza, akawaachia shambani kwake Barwon Park ili apate kuwinda na rafiki zake. Hakukusudia ubaya. Haikupita miaka mingi wakaenea kama moto wa nyika, wakila majani na miche ya miti, hata kondoo wakakosa malisho na udongo ukachukuliwa na upepo. Mwaka 1887 serikali ya New South Wales iliahidi pauni 25,000 kwa atakayevumbua njia ya kuwamaliza. Louis Pasteur wa Ufaransa naye alituma watu wake, lakini fedha zile hakuzipata mtu. Huko Magharibi, tangu 1901 hata 1907, walijenga ua wa seng'enge wa maili zipatazo 1,140, kutoka bahari mpaka bahari. Ua haujaisha, sungura wamekwisha kuvuka!

Lakini msidhani kila mtu aliwachukia. Miaka ya 1930, kazi ilipoadimika, maskini wengi wa nchi ile waliponea nyama ya sungura, wakauza na ngozi, kwa kuwa manyoya yake hufanyizwa kofia, hata zile pana za askari wao. Wenye kondoo walinung'unika kwamba wategaji huwaachia majike kusudi, ili mwaka ujao wasikose kazi. Mimi siwalaumu upesi. Mwenye kondoo alitazama majani yake, na mtegaji alitazama chungu chake.

Mwaka 1950 serikali ilieneza ugonjwa uliotoka Amerika ya Kusini, usiodhuru watu wala kondoo. Mbu waliuchukua, sungura wakafa kwa mamilioni, malisho yakarudi, na wategaji wengi wakakosa riziki. Waliopona wakazaa watoto wenye nguvu ya kuustahimili. Mwaka 1995 ukaenea ugonjwa mwingine, na hata leo sungura wangaliko.

Mzee mmoja ameniuliza kama hawa tunaowafuga vibandani ni wa ukoo ule. Naam, ndio hao hao, na nyama yao ni njema. Basi anayewafuga asiwaweke juu ya udongo mtupu, maana watachimba watoke. Ainue kibanda juu ya miguu, sakafu iwe ya mbao au waya, na mlango aukaze kila jioni.