Chupa Gani, Mama?



Mtoto akiharisha, munganga anakupa pakiti ya SRO, anasema: "Changanya katika chupa moja." Unaitika: "Ndiyo." Lakini chupa gani? Yeye anawaza chupa ya litri moja. Wewe unawaza chupa ya Primus iliyo nyumbani, ambayo ni santilita 72 tu. Pakiti ya litri moja ikitiwa humo, chumvi inazidi, na mtoto anaweza kuumia.

Hapa Bunia tunasema Kiswahili, Kilendu, Kialuru, Kilingala. "Ndiyo" peke yake haitoshi. Mama, leta chupa yako, tuipime pamoja. Halafu urudilie maneno kwa luga yako. Munganga naye asikilize mpaka mwisho, asikasirike. Hujaelewa? Uliza tena. Kuuliza si haya.