MELI ZAPITA WAPI, NA SISI TWAJUAJE?
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Sisi wa reli tumezoea kusema kuwa habari za baharini ni za makuli wa Kilindini. Si kweli. Kontena lisiloshuka gatini halipandi behewa, na behewa tupu halimpi mtu kazi. Mambo ya meli ni mambo yetu.

Tangu mwisho wa mwaka 2004 sheria ya mataifa yalazimisha meli za ukubwa wa tani 300 na zaidi ziendazo nchi za nje ziwe na chombo cha redio cha kutangaza jina, namba, mahali meli ilipo na mwendo wake. Ikiwa safarini hutangaza kila sekunde chache. Ikitia nanga, kila dakika 3. Minara ya pwani na satelaiti hupokea, na mwenye simu aweza kuziona meli zilizo nje ya Mombasa sasa hivi.

Lakini kutazama leo tu hakutoshi. Twakijua kile kitabu cha stesheni, ambamo stesheni masta huandika saa ya kila gari kufika na kuondoka. Ukurasa mmoja hausemi neno. Weka pamoja vitabu vya miaka mitatu, ndipo utaona gari gani huchelewa na mwezi gani mizigo hupungua. Habari za meli ni vivyo hivyo: wahesabu meli zilizopita mahali pamoja kila juma, na siku zilizokaa nangani, kisha walinganisha na majuma kama hayo ya miaka ya nyuma.

Tazameni Suez. Mwaka 2023 meli zaidi ya 26,000 zilipita mfereji ule. Novemba mwaka huo Wahouthi wa Yemeni wakaanza kushambulia meli za biashara katika Bahari ya Shamu, na mwaka 2024 zilizopita hazikufika 14,000. Nyingine hazikupotea, alama zao zaonekana zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari yenye siku kumi zaidi au karibu na hapo.

Baadhi yetu siku zile tuliambiwa turudi nyumbani kwa kuwa "meli hazipo". Huenda ilikuwa kweli, huenda siyo. Mwajiri alikuja na hesabu zake, sisi tukaja na manung'uniko, na mnajua nani alishinda.

Hata hivyo tusijidanganye. Nahodha aweza kukizima chombo kile, na wako watangazao mahali pa uongo. Tena alama haisemi ndani mna kontena ngapi. Meli moja kubwa yaweza kushusha kuliko ndogo tatu. Kwa hiyo hesabu ya meli lazima ikae kando ya hesabu yetu wenyewe ya mabehewa yaliyopakiwa.

Tunataka watu wawili watakaoandika kila Jumatatu asubuhi: meli ngapi nangani, ngapi gatini, mabehewa mangapi yametoka. Daftari tumekwisha nunua, liko kwa katibu.