Shukrani Mezani pa Mtu Mmoja

  Asubuhi hii twapenda kuzungumza na wale ambao hawajaoa wala kuolewa, na wale waliobaki peke yao baada ya mwenzao kuitwa na Bwana. Lakini ninyi wenye jamaa kubwa msiifunge redio. Huenda mtu wa namna hii anakaa mlango wa pili kutoka kwenu.

Sisi tuliotayarisha mazungumzo haya tu watatu, washiriki wa kanisa moja hapa Nairobi: mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa cherehani, na karani wa duka la mbao na misumari. Mkubwa wetu ana miaka 52 na mdogo ana 38. Hakuna hata mmoja aliyefunga ndoa, wala hatukuweka nadhiri ya kutofunga. Mambo yalikwenda hivyo tu. Mmoja alisomesha wadogo zake watano, na alipoinua kichwa akakuta miaka imekwisha kupita. Mwingine alichumbiwa, wazee wakakaa wakazungumza mahari, halafu uchumba ukavunjika. Wa tatu hana kisa cha kueleza, na watu hawamwamini anaposema hivyo. Kila mtu anataka pawe na sababu.

Tuanze na chakula cha jioni. Mtu anatoka kazini, anapitia dukani, ananunua nusu mkate, ile ya gramu 200, kwa kuwa mkate mzima huota ukungu kabla hajaumaliza. Kwenye kibanda cha mboga anachagua nyanya mbili na kitunguu kimoja. Mwenye kibanda anamwuliza, "Leo ni wewe tu?" kana kwamba jana walikuwa wawili. Anafika, anafungua kufuli, anawasha taa. Anasonga ugali mdogo hata mwiko unaonekana mkubwa kuliko sufuria. Kisha anaketi, anafumba macho ili ashukuru kwa ajili ya chakula, na hapo ulimi unakuwa mzito. Wengi wenu mwaijua saa ile.

Hatutaki kuificha taabu hii, maana shukrani ya kuficha si shukrani. Katika ploti tunazokaa mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani au Baba Fulani. Sisi hatuna jina la namna hiyo. Twaitwa kwa kazi zetu. Kanisani, saa ya matangazo, akina mama huambiwa wabaki baada ya ibada, akina baba wana mkutano wao Jumamosi, nao vijana wana safari. Mtu wa miaka 45 asiye na mke si kijana tena, na baba hajawa. Hutoka nje akasimama chini ya mti, akajifanya anamtafuta mtu. (Kamati za arusi ni jambo lingine. Huko hatusahauliwi kamwe, na bahasha yetu huletwa mapema.) Tukienda nyumbani wakati wa Krismasi, kabla hatujaweka mzigo chini twaulizwa, "Na wewe, lini?" Na kuna makabila yetu ambako binti asiyeolewa, hata akifa akiwa mzee, kwa desturi hazikwi ndani ya boma la baba yake. Mama aliyelelewa katika desturi hiyo akimwuliza binti yake swali lile la Krismasi, si udaku. Anaogopa.

Ndugu zetu wenye ndoa hutaka kutufariji. Hutuambia, "Mshukuru Mungu, ninyi hamna karo ya kulipa wala kelele za nyumba." Twajua wanasema kwa wema. Lakini karo twalipa, ya wadogo zetu na ya watoto wa ndugu zetu. Simu ikilia mwanzo wa muhula twajua ni habari gani. Na shukrani ya kupimana taabu na mwenzako haina afya. Mimi nikimshukuru Mungu kwa kuwa sina mizigo yako, nimekuwa kama yule Farisayo aliyekwenda hekaluni kusali, akamtazama mtoza ushuru aliye nyuma yake.

Basi, sasa twataka kuwaambia jambo ambalo tulichukua miaka kulitamka hata sisi kwa sisi. Kwa muda mrefu tuliogopa kushukuru. Ndiyo, tuliogopa. Tulikuwa na ombi moja mbele za Mungu, na kila mmoja wetu aliwaza hivi moyoni: nikimshukuru kwa maisha haya niliyo nayo, ataona nimeridhika, ataliweka ombi langu kando. Ni kama mtoto anayekataa uji ili mama yake ajue kwamba alitaka chai. Kwa hiyo tuliomba, tulifunga, tulitoa sadaka, lakini shukrani tukaibana. Tulimshukuru Mungu kwa mambo ya watu wengine, arusi zao na watoto wao, maana hayo hayakuwa na hatari. Kwa chumba chetu na sahani yetu moja tulinyamaza.

Moyo unaonyamaza hivyo huwa mchungu polepole. Mwalimu alianza kukasirishwa na watoto wa jirani wanaocheza mpira ukutani. Fundi alishona gauni za maarusi na kuzitoa kwa wakati, lakini akaacha kwenda kwenye arusi zenyewe. Karani aliacha kupika kabisa, akawa anakula hotelini akiwa amesimama.

Kilichotufungua ni usiku mmoja ambao kila Mkristo anaujua. Someni Luka, sura ya 22. Bwana wetu hakuwa na mke wala mtoto. Jioni ile aliketi na marafiki, na mmoja wao alikuwa amekwisha kumwuza. Akatwaa mkate, na kabla ya kuumega akashukuru. Kisha wakatoka wakaenda Mlima wa Mizeituni, na usiku ule ule, kabla jogoo hajawika, akapiga magoti na kumwomba Baba yake amwondolee kikombe cha mateso. Tulikuwa tumeyasikia haya kila Meza ya Bwana, lakini hatukuwa tumeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Yeye aliyeshukuru mezani ndiye aliyelia bustanini. Kule kushukuru hakukumfunga mdomo asiombe. Baba hakumjibu, "Mbona ulishukuru juzi tu kwa mkate, sasa unataka nini?" Shukrani ilisimama mahali pake na ombi mahali pake, na jasho likamtoka.

Tukaanza kutafuta kama kuna wengine. Yeremia tunamwita nabii wa machozi, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba Mungu alimkataza kuoa. Iko katika sura ya 16. Mtu huyu, katika sura ya 20, anamsifu Bwana kwenye mstari wa 13, na kwenye mstari wa 14, bila hata kuvuta pumzi, anailaani siku aliyozaliwa. Walioikusanya Biblia hawakuona haya kuiacha mistari hiyo miwili ikae jirani. Naye Paulo, aliyeishi bila mke, aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na katika sura ya 4, mstari wa 6, akaweka haja na shukrani katika mfuko mmoja. (Ile sura yake ya 7 katika Wakorintho wa Kwanza hutupwa kwetu kama jiwe na watu ambao wenyewe wameoa. Siku nyingine tutaizungumza.)

Sasa kumbe tulikuwa na nini cha kushukuru? Mwalimu na aeleze kwanza, maana lake lilikuwa kubwa.

Mwaka mmoja, katika baridi ya Julai, alipatwa na nimonia. Ilikuwa likizo ndogo, hata shuleni hakuna ambaye angemkosa. Siku ya pili, saa nne asubuhi, akasikia hodi. Alikuwa yule mama wa mlango wa pili, mwenye watoto wa mpira. "Mwalimu, nimeona dirisha halijafunguliwa tangu jana. Huwa unalifungua saa kumi na mbili. Nikasema nije nione." Akamfunika, akamtafutia gari, akapanda naye. Hospitalini mwuguzi akaleta fomu. Mwalimu aliweza kujibu jina na umri, mpaka wakafika kwenye mstari wa jamaa wa karibu. Akanyamaza. Wazazi wake wamekufa, nao ndugu zake wako mbali. Mstari ule ulionekana mrefu kuliko mingine yote.

"Niandikeni mimi," yule mama akasema.

"Uhusiano, mama?"

"Andika jirani."

Mwuguzi akaandika.

Mwalimu anasema alilia pale, wala si kwa maumivu ya kifua. Kwa miaka sita alikuwa amemwomba Mungu ampe mtu mmoja ambaye angejua kama ameamka au hakuamka, na kwa miaka sita kulikuwa na mtu anayelitazama dirisha lake kila asubuhi. Hakuwa amewahi kumshukuru Mungu kwa ajili yake, wala kumwambia yule mama ahsante ila kwa chumvi ya kuazima. Hatusemi kwamba jirani ni badala ya mume. Mwalimu mwenyewe hasemi hivyo, na ombi lake bado analiomba. Lakini sasa anawajua wale watoto kwa majina, na mpira ukigonga ukuta anajua ni nani aliyepiga.

Fundi yeye alinunua daftari la kurasa 96, la watoto wa shule. Kila usiku kabla ya kulala huandika kitu kimoja cha siku ile, na sharti lake ni kwamba kiwe kimetokea kweli. Ametupa ruhusa tuwasomee kidogo. "Kondakta alinirudishia chenji kabla sijaidai." "Maji yalitoka mpaka saa tatu." "Mteja alivaa suti niliyomshonea, akajitazama kwenye kioo akanyamaza, akatabasamu." "Mtoto wa chini ameletwa na chapati moja juu ya sahani, imefunikwa na sahani nyingine." Kuna siku aliandika maneno mawili tu: "Leo hakuna." Asubuhi yake, kwa wino mwingine, akaongeza: "Nililala vizuri."

Karani si mtu wa kuandika; kazini anaandika risiti kutwa. Lakini amerudi kupika, na amegundua kwamba jamaa wakifiwa, yeye ndiye huweza kukesha nao mpaka kuche, kwa maana hakuna mtoto wa kuamshwa kwenda shule. Amekaa na wafiwa wengi hivyo. Anasema saa tisa ya usiku, watu wakiwa wamekwisha kuimba na moto umepungua, mfiwa huanza kusema maneno ambayo mchana hakuyasema, na kuyasikia ni heshima aliyopewa. Saa hizo huziweka katika shukrani zake.

Wako pia wasikilizaji wajane, nao twawakumbusha yule Ana wa Luka, sura ya 2. Aliishi na mumewe miaka saba tu, na alipoletwa mtoto Yesu hekaluni yeye alikuwa mjane wa miaka 84. Hebu hesabu jioni alizokula peke yake. Hata hivyo alifika hekaluni saa ile ile, akamwona mtoto wa watu wengine mikononi mwa mama yake, akamshukuru Mungu. Sisi tuliokuwa tukikwepa arusi na ubatizo twaona kwamba huyo bibi ametupita mbali.

Neno kidogo kwenu wenye nyumba zilizojaa. Mtuite kula nanyi siku ya kawaida, siku ya sukuma wiki, si siku ya sherehe tu. Msitafute mtu wa kutuketisha karibu naye. Na ninyi wazee wa kanisa, mkimaliza kutangaza mikutano ya akina mama na akina baba na vijana, tazameni chini ya ule mti.

Tuombe.

Ee Baba, mwenzetu anayesikia sauti hii chumbani peke yake, chai yake imeanza kupoa. Barikia kikombe hicho kimoja. Twakushukuru kwa nusu mkate, na kwa dirisha linalotazamwa na mtu. Twakushukuru kwa usingizi wa jana. Na lile ombi tulilokuomba jana, Bwana, twaliomba tena leo, katika jina la Yesu Kristo. Amina.